JE, YAFAA KUBASHIRI MSHINDI WA KIPINDI CHA PILI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, darsa yetu ya hapa Sarang'ombe hukaa kila siku baada ya sala ya Magharibi, katika chumba cha mabati ambacho kodi yake twachangishana wenyewe, na mikeka tunayoikalia imechakaa hata mtu akisimama huondoka na nyuzi zake kanzuni. Mwezi uliopita kijana mmoja katika wanafunzi wetu, mwenye akili na adabu, alimkabidhi mweka hazina shilingi 6,000 akasema kuwa hizo ni za mikeka mipya. Mweka hazina akazipokea na kuziandika daftarini, nami nikainua mikono nikamwombea dua mbele ya jamaa, wakaitikia amin. Baadaye nikamuuliza kwa furaha ni kazi gani hiyo iliyomfungulia riziki, kwani namjua kuwa ni mtu wa vibarua vya mjengo, hupata siku mbili akakosa tatu. Akanijibu: "Maalim, nimezipata katika kipindi cha pili." Mimi nikadhani ameajiriwa zamu ya usiku. Nikamwambia Mwenyezi Mungu amzidishie.

Mweka hazina, ambaye ni mdogo wangu kwa umri na anaijua dunia hii ya simu kuliko mimi, ndiye aliyenivuta kando akanifahamisha. Kijana wetu hakuajiriwa popote. Alikuwa akibashiri ni timu gani itakayoshinda nusu ya pili ya mchezo wa mpira wa kikapu huko Marekani, akiweka pesa kwa simu yake. Na vijana wa leo wakisema "mkeka" hawakusudii kitu cha kukalia, bali ile orodha ya michezo aliyoibashiri mtu. Basi mikeka yetu ilikuwa inunuliwe kwa mkeka.

Nilimwita. Hakukana wala hakuona haya, na huko kutoona haya ndiko kulikonitia fikira, maana si mtu wa kiburi. Aliniandikia barua ya kurasa mbili yenye hoja zake, akanipa ruhusa nizijibu hapa bila ya kumtaja jina. Nimeona yanipasa kuzijibu, kwanza kwa sababu nyuma yake wako wengi wenye hoja hizo hizo wasiokuwa na ushujaa wa kuziandika, na pili kwa sababu mimi mwenyewe niliziombea dua pesa zile.

Kwa ajili ya wazee wetu yafaa nieleze kwanza jambo lenyewe. Mpira wa kikapu huchezwa kwa robo nne. Katika ligi kuu ya Marekani kila robo ni dakika 12. Robo mbili za mwanzo ni kipindi cha kwanza, kisha wachezaji hupumzika dakika 15, kisha huja robo mbili za mwisho. Mbashiri wa kipindi cha pili haulizwi nani atashinda mchezo mzima. Huulizwa juu ya alama zitakazofungwa baada ya mapumziko peke yake, nani atamzidi mwenziwe. Kwa hiyo timu yaweza kuwa imeachwa mbali, ikashinda kipindi cha pili, na bado ikashindwa mchezo. Na mlango huo huwa wazi katika zile dakika 15 za mapumziko, mtu akiwa amekwisha kuona nusu ya kwanza kwa macho yake, na kwa sababu hiyo hujiona si mcheza kamari bali ni shahidi.

Hoja yake ya kwanza, na ndiyo nzito kuliko zote, ni hii. Yeye asema: Maalim, mimi sichezi kwa upofu. Nasoma hesabu za timu. Najua ni nani aliyesafiri jana na amechoka, ni nani mwenye makosa mengi aliye karibu ya kutolewa uwanjani, na ni kocha gani hupumzisha wachezaji wake wakubwa. Mkulima hutazama mawingu akapanda. Mfanyabiashara wa Gikomba hununua robota la mitumba asijue lililomo ndani. Wote hao wabashiri. Kwa nini ubashiri wao uwe halali na wangu uwe haramu?

Nasema: umesema vizuri, mwanangu, na sitakujibu kwa ukali. Kubashiri kwenyewe si haramu. Mtu akitazama mchezo akasema timu fulani itashinda, na ikashinda au ikashindwa, hana dhambi, na huenda ikawa ni mtu mwenye akili kali. (Ama lile robota lisilofunguliwa lina maneno yake katika fikihi, nalo tutaliandika siku nyingine, inshallah.) Kilichoharimishwa si fikira iliyo kichwani bali ni mali iliyowekwa juu yake. Wanazuoni wetu wametupa kipimo chepesi cha kuijulia kamari: ni mapatano ambayo kila mmoja katika walioingia ndani yake hana budi awe ama mwenye kupata kwa khasara ya mwenziwe, ama mwenye kukhasirika ili mwenziwe apate. Sasa kipime kilimo kwa kipimo hicho. Mkulima akivuna, mahindi yake hayakutoka katika shamba la jirani. Pima na biashara: muuza shati akipata faida, mnunuzi huenda kwake na shati, na wote wawili wameridhika. Lakini aliyekupa wewe zile 6,000 alikwenda kwake na nini?

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Pesa zile ni za nani? Kampuni haichapi pesa wala hailimi. Hukusanya kwa wanaokosa ikawapa baadhi yake wanaopata, na iliyobaki ikaweka. Basi kila shilingi katika zile 6,000 ilitoka katika mfuko wa mtu fulani. Yaweza kuwa ni mlinzi wa lango huko Kawangware aliyekesha usiku kucha kwenye baridi kisha akaitia ujira wake katika timu asiyoijua ipo mji gani. Yaweza kuwa ni muuza samaki wa karibu ya stendi ya Olympic, au kijana mwenzako wa Gatwekera ambaye mama yake alimpa pesa alipe karo ya mdogo wake. Wewe hukumwona hata mmoja. Simu imewaficha.

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na kamari yao iliyoitwa maisiri. Walikuwa wakinunua ngamia wakamchinja, kisha wakatia mishale kumi ndani ya mfuko; saba ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, hata wa saba mafungu saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Mtu akitolewa mshale wenye fungu hupata nyama, na akitolewa mtupu hulipa thamani ya ngamia. Na katika desturi yao washindi hawakula ile nyama. Waliwagawia mafakiri, wakajifakhiri kwa hilo, na asiyeingia mchezoni walimwita bakhili. Zingatia basi: kamari ile ilikuwa na uso wa mtu, kwani aliyekula khasara uliketi naye ukamjua, na ilikuwa na nyama ya mafakiri. Juu ya hayo yote Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya al-Baqara, aya ya 219, kwamba ndani ya ulevi na kamari mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake; kisha katika Sura ya al-Maida, aya ya 90 na 91, akaikata kabisa, akaifanya ni uchafu katika kazi ya shetani. Ikiwa ile iliyowalisha mafakiri imekatazwa, itakuwaje hii inayowala?

Sasa nirudi katika elimu yako uliyoitaja, kwani sikuikubali yote. Wewe wasema kuwa aliyeona nusu ya kwanza ana ushahidi juu ya nusu ya pili. Nimeuliza wanaojua, nao wamenipa khabari ya mchezo mmoja mashuhuri. Ilikuwa mwaka 2018, mchezo wa saba na wa mwisho baina ya Houston Rockets na Golden State Warriors, wa kuamua bingwa wa upande wa magharibi. Huko Marekani ilikuwa usiku wa tarehe 28 Mei. Hapa kwetu ilikwisha kuingia tarehe 29, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kufika mapumziko Houston walikuwa na 54 na wenzao 43. Walikuwa kwao, mbele ya watu wao. Mwenye ushahidi angesema nini? Basi katika mchezo ule Houston walitupa mpira wa mbali, ule wa alama tatu, wakakosa mara 27 mfululizo, na watu wale ni mabingwa wa mtupo huo huo. Golden State wakafunga 58 katika kipindi cha pili, Houston 38, na mchezo ukaisha 101 kwa 92. Mkono uliotupa ndio ule ule, na kikapu ndicho kile kile.

Na karibu zaidi, alfajiri ya tarehe 6 Juni 2025, siku iliyotangazwa na serikali ya Kenya kuwa ya mapumziko ya Idi ya kuchinja, Indiana Pacers walicheza na Oklahoma City Thunder mchezo wa kwanza wa fainali. Indiana hawakuongoza hata mara moja tangu mwanzo, mpaka ilipobaki sehemu tatu za kumi za sekunde moja. Hapo mpira ukaingia, wakashinda 111 kwa 110. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Luqman, aya ya 34, kwamba nafsi yoyote haijui itachuma nini kesho. Na hawa hawakujua watachuma nini kabla ya kufumba jicho.

Utaniambia: hayo ni machache, na mimi nahesabu mengi. Vyema, tuhesabu. Kampuni ikiona timu mbili ni sawa haikupi maradufu ya pesa yako ukipata. Tuchukue mfano kuwa hukupa 1.90, yaani ukiweka shilingi 100 na ukapata, hurudishiwa 190. Kaa wewe upande mmoja, na mwenzako upande wa pili, kila mmoja ana shilingi 1,000, na kila usiku kila mmoja aweke 100. Kampuni hupokea 200, humpa mshindi 190, hubakiwa na 10. Tuseme mko sawa kwa elimu na kwa bahati, leo washinda wewe, kesho yeye. Baada ya michezo 20 kila mmoja wenu ana 900. Baada ya michezo 200 zile 2,000 zote ziko kwa kampuni, na ninyi wawili hakuna aliyemshinda mwenziwe. Na hata ukiwa hodari kuliko yeye, ukapata mara 52 katika kila mara 100, bado umekula khasara. Sharti ufike 53 ndipo uone faida, nayo ni shilingi 70 katika kila 10,000 ulizoziweka. Na tumehesabu kabla ya ushuru wa serikali.

Na tuseme umekuwa hodari kweli kweli. Je, wajua kuwa makampuni mengi ya ubashiri duniani, yakimwona mteja anashinda mara kwa mara, humpunguzia kiwango anachoruhusiwa kuweka, au humfungia mlango kabisa? Niambie ni soko gani jingine ambalo mnunuzi stadi hufukuzwa na mjinga huandikiwa ujumbe kila asubuhi kubembelezwa arudi.

Wako wenye kujua kweli, lakini si wewe. Mwaka 2007 mwamuzi mmoja wa ligi hiyo ya Marekani, jina lake Tim Donaghy, alikiri mbele ya mahakama kuwa alishirikiana na wacheza kamari kwa kuwapa khabari, naye mwenyewe akibashiri. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwaka 2024 mchezaji Jontay Porter alifukuzwa na ligi maisha kwa kuwapa wabashiri khabari zake za siri na kujitoa mchezoni mapema ili washinde. Wewe ulikuwa Sarang'ombe ukisoma hesabu za wachezaji, na mchezaji alikuwa amekwisha kuuza.

Hapa nina neno na wale wengine ambao hawana hata elimu ya kijana wetu, wanaonunua ubashiri kwa watu wasiowaona, wakawatumia shilingi 200 ili waambiwe matokeo "ya uhakika". Sisi katika darsa hii tumesema sana juu ya wapiga ramli na wenye kutazamia nyota, na vijana hupenda tukisema hayo, hucheka, wakafikiri twawasema bibi zao. Lakini ni ipi tofauti ya yule anayetazama mchanga akakwambia mke wako atazaa mwana mume, na huyu anayetazama kioo cha simu akakwambia kipindi cha pili ni cha Boston? Angalau mganga humwona uso. Mtume (s.a.w.) amemuonya mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo kwamba sala yake haitakubaliwa siku arubaini. Na lau huyo wa shilingi 200 angalikuwa anajua, angalikuwa na haja gani na mia mbili zako?

Hoja ya pili ya kijana wetu ilinifurahisha, kwa sababu inaonyesha kuwa anasikiliza darsa. Asema: Abu Bakr Siddiq, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwekeana na washirikina wa Makka juu ya Warumi na Waajemi, nani atashinda. Kweli, khabari hiyo imepokewa na Tirmidhi na wengineo. Warumi walishindwa, washirikina wakafurahi, ikateremka Sura ya ar-Rum kuwa Warumi watashinda baada ya kushindwa kwao, katika miaka michache. Waweza kusema ni kipindi cha pili hasa. Abu Bakr akawekeana nao kwa muda, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa ingempasa aweke muda mrefu zaidi, maana neno lililokuja huchukua mpaka chini ya miaka kumi.

Lakini, mwanangu, umesoma kichwa cha hadithi ukaacha mkia. Mpokezi mwenyewe ameeleza kuwa hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa kuwekeana. Ulevi nao ulinywewa na baadhi ya sahaba kabla ya kuharimishwa, wala hakuna anayesimama leo akautolea dalili. Tena Abu Bakr hakubashiri. Aliambiwa na Mola wake kwa ulimi wa Mtume wake, akaliamini neno hilo wakati ambapo dalili zote za macho zilikuwa upande wa Waajemi. Wewe ni nani aliyekuteremshia khabari za Golden State?

Asifahamu mtu kuwa twaupiga vita mchezo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na bibi Aisha, mara ya kwanza bibi Aisha akamshinda, na mara nyingine, mwili wa bibi ulipokuwa mzito, Mtume akamshinda yeye, akacheka akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Alikuwa na ngamia aitwaye Adhbaa ambaye hakushindwa mbio, mpaka siku moja akaja bedui juu ya ngamia mchanga akamshinda, na jambo lile likawa zito kwa Waislamu. Mtume akawaambia kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba halinyanyuki jambo lolote la dunia ila hulishusha. Hayo ndiyo mafunzo ya kipindi cha pili, na yalipatikana bure. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni pwani nimecheza mpira miguu mitupu mpaka ukucha ukang'oka, na mwalimu akanipiga kwa kuchelewa Asiri wala si kwa kucheza. Vijana wa Kibera wakiujenga mwili kwa mpira wa kikapu ni kheri. Nairobi City Thunder walipofika ligi ya Afrika mwaka 2025, nao ni timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, nilifurahi kama mwananchi yeyote. Hakuna aliyenidai shilingi kwa furaha ile.

Kuna jambo moja ambalo kijana hakuliandika, nami lazima nilitaje. Michezo mingi ya Marekani huanza saa moja ya usiku kwao, na wakati wa baridi yao hiyo ni saa tisa ya usiku kwetu. Mapumziko basi huangukia saa kumi, na kipindi cha pili huisha baada ya saa kumi na moja, adhana ya alfajiri ikiwa hewani au imekwisha kupita. Yaani saa ile ile, thuluthi ya mwisho ya usiku, ambayo Mtume (s.a.w.) ametupa khabari kuwa Mola wetu huuliza ni nani anayeniomba nimpe. Chumba kimoja, taa imezimwa, mtu yu macho, vidole vinatembea, moyo unadunda, na midomo yasema "Ya Rabbi, Ya Rabbi" kwa ajili ya mtupo wa mtu wa Denver! Katika aya ya al-Maida tumeambiwa kuwa shetani ataka kwa kamari kututilia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na sala. Kijana huyu alikuwa akisimama safu ya mbele alfajiri. Nilipotazama nyuma nikakumbuka kuwa tangu mwezi wa Novemba sikumwona, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilidhani amechoka na kazi.

Ama wale wasemao kuwa serikali imeruhusu, hawa sitawapotezea wino. Sheria ya kamari ilikuwapo Kenya tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 ikatiwa saini sheria mpya. Serikali huweka leseni, hukataza walio chini ya miaka 18, na huchukua ushuru wake. Leseni ya baa nayo hutoka ofisini, na hakuna aliyeileta msikitini kama fetwa.

Nalo deni. Mwisho wa barua yake, kwa maandishi madogo, aliniambia kuwa ana deni la shilingi 11,000, nyingine kwa jamaa zake na nyingine katika ule mkopo wa simu uitwao Fuliza, ambao hukata gharama yake kila siku. Kwa hiyo alikopa kwa ziada ili acheze kamari, madhambi mawili kwa kidole kimoja, kisha akapata usiku mmoja, na katika aliyoyapata akaikumbuka darsa kabla ya deni lake. Nilipofika hapo katika barua nilinyamaza muda mrefu. Mtu mbaya hafanyi hivyo. Nimemwambia, na nawaambia wote walio kama yeye: rudisha mtaji wa Fuliza leo, uifute namba ya kampuni katika simu, na jamaa unaowadai na wanaokudai tutakaa nao sisi wazee. Wawili katika jamaa wa darsa wamejitolea kumtafutia kibarua cha kudumu, na mmoja wao ni fundi wa mabomba.

Zimebaki zile 6,000. Zilizua mzozo kati yetu, na wasomaji wengine wameusikia ukiwa umeongezwa chumvi, basi nieleze ulivyokuwa. Wako waliosema zirudishwe kwa kijana. Nikasema haifai, si mali yake. Wako waliosema zirudishwe kwa kampuni. Nikasema kampuni si mwenyewe, nayo itazicheza tena. Wenyewe ni wale waliokosa usiku ule, na hatuwajui. Imam Ghazali amesema, na Imam Nawawi amemnukuu, kuwa mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa katika manufaa ya watu wote, kama madaraja na misikiti, au hupewa mafakiri, na atoaye hujitoa mkononi mwake kitu kisichokuwa chake. Mweka hazina akanionyesha neno "misikiti" akasema: basi mikeka yafaa. Kwa elimu alikuwa na hoja. Lakini niliona kuwa kesho vijana watasema mkeka umezaa mikeka, na Maalim ameikalia. Nikachagua madaraja.

Kile kivuko cha mbao kilicho chini ya darsa yetu, juu ya mtaro wa maji machafu, mbao zake tatu zimeoza, na wakati wa mvua watoto wa shule hushikana mikono kukivuka. Hakina mwenyewe. Hupitwa na Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, mlinzi arudiye kazini na mama aendaye sokoni. Mbao zimekwisha kununuliwa pamoja na misumari, na risiti iko kwa mweka hazina kwa atakaye kuiona; imebaki shilingi 350, nazo zitanunua lami ya kupaka chini zisioze. Kazi itakuwa Jumamosi ijayo baada ya sala ya Alfajiri. Nyundo tunazo mbili tu, kwa hiyo aliye na yake aje nayo.